Dumu la Maji kwa Kolamu ya Rehema

Niliondoka Gongo la Mboto saa moja asubuhi. Jirani yangu Rehema, anayesomea kemia, aliniomba nimpelekee maabara, Chang'ombe, lita tano za maji ya betri, kwa kuwa mtambo wao wa kukeneka maji, kuyasafisha kwa mvuke, ulikuwa umeharibika. Nami nilitaka kuiona kolamu, kifaa chake cha kutenga protini, aliyoizungumzia mwezi mzima. Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo najifunza kwa kwenda kuangalia.

Buguruni, saa mbili. Muuzaji wa maji ya betri alikuwa ameishiwa. Akanijazia dumu kwenye bomba la kisima nyuma ya kibanda.

"Angalia mwenyewe, yanang'aa kama kioo."

Yaling'aa kweli. Nikabeba.

Chang'ombe, saa tatu. Maabara ni chumba kimoja juu ya karakana. Kolamu nusura niicheke: bomba la kioo nene kama kidole, ndani mna mche mweupe wa plastiki. Rehema aliimimina ikiwa majimaji, ikaganda humo humo.

"Maji yanapita wapi?"

"Ina vitundu kama mkate, braza, ila vyote vinapitiana. Kuta zake zina chaji hasi, protini ya mlonge ina chaji chanya, basi inanasa. Baadaye napitisha chumvi kidogo kidogo, chumvi inakamata nafasi, protini inatoka."

"Kumbe chumvi ni mgeni asiye na haya."

"Tena wa kulala!"

Protini ile aliikamua wiki nzima kutoka kwenye mbegu za mlonge. Mbegu zilikwisha, na kesho yake ilikuwa lazima amwonyeshe msimamizi wake grafu.

Alichanganya dawa zake na protini kwa maji yangu, akapitisha kwenye kolamu. Mstari kwenye skrini ya kompyuta, unaoonyesha protini inayotoka, ukapanda mara moja.

"Haijanasa," alisema. "Inapita tu. Basi kolamu yangu mbovu." Akainua kikombe kilichopokea matone, akaelekea kwenye sinki.

Nikamwambia habari ya bomba la Buguruni.

"Kisima? Visima vya huku vina chumvi! Unajua umenifanyia nini?"

"Mgeni ametangulia."

Hakucheka. Lakini kikombe alikirudisha mezani. Protini ilikuwa bado mle. Ilihitaji kuzimuliwa kwa maji safi ili chumvi ipungue.

Saa tano nilikuwa kwa fundi betri mtaa wa pili, mzee anayekeneka maji mwenyewe. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unataka ya betri au ya kudanganyia watu?"

Alikausha tone la dumu langu kwenye kijiko juu ya moto. Likabaki duara jeupe. Tone lake halikuacha kitu. Nikamwaga ya kisima, nikajaza yake.

Saa saba Rehema aliisafisha kolamu, akazimua mara kumi. Kikombe kikawa chupa mbili kubwa. Kolamu ya kawaida, iliyojazwa chembechembe, alisema, ingemweka hadi kesho. Mche wake ulipitisha haraka bila kuelemewa. Saa kumi chupa ziliisha, mstari umelala. Akaanza chumvi. Ukaendelea kulala, kisha ukainuka kilima kimoja chembamba.

"Ndiyo hiyo," alisema, akakaa kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilirejea Gongo la Mboto jua likizama. Nilichojifunza: ukimpelekea mtu kitu, mwambie umekitoa wapi kabla hajakitumia. Mimi nilisema akiwa hatua mbili kutoka kwenye sinki.