Mama Winchi na Kerezo la Ndugu Wawili

Mtaa mzima wa karakana ulimjua kwa jina la Mama Winchi, na aliyemwita jina jingine alijulikana papo hapo kuwa ni mgeni au ni mtoza ushuru. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu. Kazi yake ilikuwa kuhamisha mashine. Pale ambapo gari la kreni halikupita, kwenye vichochoro na vyumba vya mabati, ndipo yeye alipopatia riziki.

Kazi hiyo aliirithi kwa ubaya. Mumewe alikuwa akihamisha mashine kwa kamba, magogo na wanaume wanane wenye kelele. Siku moja, mkewe akiwa amesimama mlangoni na chakula cha mchana mkononi, kamba ikakatika na mashine ya kukunjia mabati ikamlalia kifuani. Wale wanane walishika vichwa. Hapakuwa na kitu cha kuinulia. Mume alikaa chini ya chuma kile karibu saa nzima, akili zake timamu, akiwaambia wasiivute, wanazidi kumuumiza. Kisha akanyamaza.

Baada ya mazishi mjane aliuza cherehani yake na kabati la nguo. Yeye na shemeji yake, mdogo wa marehemu, wakanunua winchi ya mnyororo kutoka kiwanda kilichofungwa. Ni kitu cha kutundikwa kwenye miguu mitatu ya bomba nene, nacho kina minyororo miwili. Mmoja ni mnene, wenye ndoano, ndio unaobeba mzigo. Wa pili ni mwembamba, umeungwa duara, ndio unaovutwa kwa mkono. Ukivuta upande huu mzigo unapanda, ukivuta upande wa pili unashuka, kidogo kidogo. Ukiuachia, mzigo unabaki palepale. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya auze kabati.

Watu walipokuja kutaka kukodi winchi peke yake, aliwakatalia. "Inatembea na mimi," alisema. "Ukitaka chuma kitupu, kamuoe mwenye duka la chuma." Na kila mahali alipofika alitoa amri moja kabla ya kugusa mnyororo: mzigo ukiwa juu, hakuna mkono wala mguu unaopita chini yake. Mtu akipitisha, hata awe mwenye mashine, Mama Winchi alimsukuma kwa nguvu, halafu ndipo alipoomba radhi.

Kazi iliyombadilisha ilikuja asubuhi ya Jumanne. Aliyeileta alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya mabasi, ndiyo maana aliitwa Bwana Stoo, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alitaka kerezo la marehemu baba yake lihamishwe, ile mashine kubwa ya kukerezea vyuma. Karakana ya baba ilikuwa ikiendeshwa na mdogo wake, fundi ambaye mtaa ulimwita Unywele, kwa kuwa alikuwa akipunguza chuma hata kwa unene wa unywele mmoja asikosee. Unywele alikuwa amesimama mbele ya kerezo hilo miaka kumi na minane.

"Mdogo wako anajua?" Mama Winchi aliuliza.

"Anajua. Tumekubaliana. Leo kampeleka mama yetu kliniki ya macho, ndiyo maana humuoni."

Mama Winchi alimtazama usoni. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila kazi. Akasema, "Haya, twende."

Walipofika, shemeji akiwa na lori, aliona kitu ambacho baadaye hakuweza kukisahau. Kwenye mdomo wa mashine bado kulikuwa na kipande cha chuma kilichokerezwa nusu, na vinyweleo vya chuma vimelala chini yake vikimetameta, vya jana tu. Pembeni, kitambaa cha kufutia kimekunjwa vizuri, tayari kwa kazi. Fundi anayejua kwamba mashine yake inaondoka haachi kazi nusu mdomoni. Aliliona hilo, akalielewa, na akalimeza. Akafungua kipande kile, akakiweka dirishani.

Walifungua nati za boliti zilizoshika miguu ya mashine sakafuni, wakasimamisha miguu mitatu ya winchi, wakaifunga mashine mikanda. Mama Winchi akaanza kuvuta, akihema taratibu, mpaka kerezo likaachana na saruji na kuning'inia, juu kiasi cha upana wa kiganja. Shemeji akatoka kwenda kuligeuza lori kichochoroni. Bwana Stoo akaleta toroli ya chuma ya kuingiza chini.

"Miguu," Mama Winchi alimkumbusha.

"Nimesikia, dada."

Ndipo mlango ukapigwa teke, Unywele akaingia. Jirani mmoja alikuwa amempigia simu. Unywele alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, jasho linamtiririka, na njiani, kwenye rundo la vyuma chakavu nje, alikuwa ameokota nondo.

Aliangalia kerezo linavyoning'inia, akaangalia dirishani pale kazi yake ilipowekwa, kisha akamwangalia kaka yake.

"Umemwacha mama peke yake kliniki?" Bwana Stoo aliuliza.

"Unamtaja mama," Unywele alisema. "Unamtaja mama mbele yangu."

"Tulia, mdogo wangu, tuongee. Mashine ni ya baba, mimi ni mkubwa..."

Nondo ikamkata maneno. Ilimpata ubavuni, ya pili ikamshukia gotini, na goti likatoa mlio kama ubao mkavu unaovunjwa. Bwana Stoo akaanguka kwa mgongo, akiteleza kwenye grisi, na mguu wake wa kulia ukaingia chini ya mashine.

Mama Winchi alimrukia Unywele kutoka nyuma, akamkaba shingo. Alikuwa na nguvu za kuvuta tani, lakini mwenzake alikuwa na wazimu. Unywele alimpiga kiwiko mdomoni mara mbili, na mara ya pili meno mawili yakatoka. Mama Winchi akaanguka juu ya sanduku la vifaa, damu ikimjaa kinywani, akaimeza asije akapaliwa.

Alipoinua macho aliona Unywele ametupa nondo na kushika mnyororo mwembamba. Alikuwa anavuta upande wa kushusha.

Mlio wa winchi alikuwa akiujua kama sauti za watoto wake. Kerezo likashuka kidole kimoja. Likashuka kingine. Bwana Stoo alijaribu kuvuta mguu, lakini goti lililovunjika halikumtii. Alianza kumwita mdogo wake kwa jina la utotoni, jina ambalo karakanani hapakuwa na aliyewahi kulisikia. Unywele alikuwa akilia, machozi yanamtoka na mikono inaendelea kuvuta, mkono juu ya mkono, kwa uangalifu uleule aliokuwa akipimia chuma.

Mguu wa mashine ukagusa kiatu. Kiatu kikabonyea. Yule mtu wa shati la pasi akatoa ukelele ambao Mama Winchi alikuwa ameusikia mara moja tu maishani mwake, siku ile ya chakula cha mchana.

Akajitupa kwenye mnyororo, akashika upande wa kupandisha, akaning'inia kwa uzito wake wote. Sasa walikuwa wawili kwenye duara moja la chuma, huyu akivuta chini upande wake, yule upande wake, uso kwa uso, damu na machozi.

"Achia," alisema kwa mdomo uliopasuka.

"Miaka kumi na minane, mama."

"Achia, utaua."

"Na awe maiti."

Unywele alikuwa anamzidi. Mnyororo ulianza kumponyoka Mama Winchi, pete moja, kisha mbili, ukimchuna viganja. Unywele akajizungushia mnyororo kwenye ngumi ya kulia, akakita miguu na kuiegemeza ngumi hiyo kwenye bomba la mguu wa winchi ili apate nguvu. Mama Winchi akaachia mkono mmoja, akapapasa sandukuni, akapata nyundo nzito. Hakumtishia kwanza. Alipiga ngumi ile juu ya bomba, akapiga tena, na akapiga mara ya tatu ijapokuwa ya pili ilitosha. Vidole vikapondeka ndani ya mnyororo. Unywele akakaa chini kama mtu aliyesukumwa, akautazama mkono wake.

Mama Winchi akavuta mnyororo. Alivuta mpaka mashine ikaachia mguu, akamshika Bwana Stoo kwapani, akamkokota hadi ukutani, na michirizi ya damu ikachorwa sakafuni. Shemeji alipoingia kusema lori liko tayari, alikuta watatu wamekaa pande tatu za chumba, na kerezo linaning'inia katikati.

Hospitalini walimkata Bwana Stoo nusu ya wayo. Unywele alipoteza vidole viwili, na kidole cha tatu hakikukunjika tena. Alikaa mahabusu miezi miwili, mpaka kaka yake alipofika kituoni kwa magongo akasema hana shtaka. Mama yao, kizee mwenye macho mabovu, alikuwa ameapa kwamba atakayempeleka mwenzake gerezani asije kumzika.

Askari aliyeandika maelezo alimuuliza Mama Winchi nani alimruhusu kutoa mashine ya watu. Shemeji alikuwa amemfundisha njiani aseme alidanganywa.

"Niliuliza nikaambiwa wamekubaliana," alisema. "Lakini niliikuta kazi nusu mdomoni mwa mashine. Nilijua. Nilitaka kazi."

Askari akasimamisha kalamu. "Hilo niandike?"

"Andika."

Usiku mwingi baada ya hapo aliamka akisikia nyundo ikitua. Ya kwanza na ya pili hazikumsumbua. Ya tatu ndiyo iliyomwamsha. Aliwahi kumwambia shemeji kwamba ile hakupiga kwa ajili ya mtu aliyekuwa chini ya mashine. Alipiga kwa sababu ya meno yake, na kwa sababu ilikuwa tamu. Shemeji akamwambia asiseme hivyo tena.

Mwezi wa nne tangu siku ile, yule kizee alimtumia ujumbe: mashine irudishwe kwenye boliti zake, haiendi popote akiwa hai. Mama Winchi alikwenda mchana na shemeji na winchi yake, hakutaja malipo. Unywele alimfungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Hawakusalimiana vizuri. Walinyanyua kerezo, lililokuwa limeshushwa pembeni tangu siku ile, wakalishusha mahali pake pa zamani, na Unywele akapiga magoti na pimamaji, kupima kama limekaa sawa, akisema, "Kidogo. Bado. Kidogo," na Mama Winchi akivuta pete moja moja.

Walipomaliza, Unywele alikaa kwenye sanduku la vifaa.

"Nisingeachia," alisema, "ungenipiga kichwa?"

Mama Winchi alikuwa anakunja mikanda. Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Ningekupiga."

Unywele akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama pengo la meno yale linamsumbua akila. Mama Winchi akajibu kwamba anatafunia upande mmoja, amezoea. Kisha Unywele akaenda dirishani, akachukua kile kipande cha chuma, sasa kimeshika kutu, akajaribu kukifunga mdomoni mwa mashine kwa mkono wa kushoto. Kilimponyoka mara mbili. Mama Winchi aliweka mikanda chini, akamshikia upande wa pili mpaka kikakaza, halafu akambebesha shemeji miguu mitatu, wakaondoka.