Hadithi Aliyoisoma Atuganile Mbele ya Baba Mdogo

Mkuu wa shule alipotangaza mstarini kwamba Atuganile ameingia katika washindi watatu wa shindano la uandishi la mkoa, wenzake wa kidato cha nne walimpigia makofi. Yeye aliwaza barua ya waandaaji tu. Barua ilisema kila mshindi ataisoma hadithi yake ukumbini Vwawa, na mlezi wake awepo.

Mlezi wake alikuwa baba mdogo Gwamaka. Atuganile alipofiwa na baba yake kule Ileje, akiwa darasa la tano, ndiye aliyepanda milimani kumchukua, akamleta kwake, mji mdogo wa Mpemba, akamsomesha. Alikuwa fundi wa malori, mzee wa kanisa, besi ya kwaya. Mtaani hakuna aliyempita bila kumwamkia.

Nyumbani alikuwa akimpiga mkewe, mama mdogo Enesi. Hakuwa na kelele. Kila mara alizima redio, akavua saa, akailaza mezani taratibu kama mtu anayetaka kunawa, ndipo akamwita mkewe chumbani. Atuganile alibaki jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Hadithi yake ilimhusu mchemsha chumvi wa Ivuna anayempiga mkewe. Ivuna hajawahi kufika; aliichagua kwa sababu ni mbali. Alimpa yule mwanamume ndevu na ng'ombe, akabadili majina yote. Ila saa aliiacha. Aliifuta mara mbili, na kila alipoifuta yule mtu akawa si mtu tena, ni maneno tu. Akairudisha.

Madam Eva, mwalimu wake wa Kiswahili, alimwita pembeni.

"Atu, huyu mama wa kwenye hadithi unamjua?"

"Hapana, madam. Nimemtunga."

Mwalimu alimrudishia karatasi zake. "Ukitaka niandike kwamba unaumwa, nitaandika."

Lakini walikuwa wamechelewa. Mkuu alikwisha mpigia simu Gwamaka, naye Jumapili ile alisimama kanisani akawaambia waumini wamwombee binti yake. Alikuwa na furaha kweli. Wiki nzima alimwita Atuganile "mwandishi wangu", na kila alipomwita hivyo Atuganile alitafuta kazi ya kufanya nje. Akaamua moyoni: akifika kwenye ile sentensi ya saa, atairuka.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Gwamaka alikaa safu ya pili, suti imepigwa pasi, simu mkononi akimrekodi. Mama mdogo Enesi alikaa kando yake, mtandio umeshuka hadi taya. Atuganile alisoma akiwa amesimama nyuma ya meza. Sentensi ya saa ilikuja. Akainua macho ili airuke, akakutana na macho ya mama mdogo, akajikuta ameisoma. Mpaka leo hajui kwa nini.

Simu ya Gwamaka ilishuka polepole hadi pajani. Mama mdogo hakuinama.

Atuganile alipewa nafasi ya pili. Gwamaka aliwapa mkono majaji mmoja mmoja, akacheka nao, kisha akamshika Atuganile bega wakatoka hadi uani.

"Yule mtu wa Ivuna," alisema kwa upole, "mwishoni alifanywa nini?"

"Hadithi imeishia pale, baba mdogo."

"Watu wamekuuliza ni nani?"

"Hapana."

"Na wakikuuliza?"

Atuganile alitazama mlango wa ukumbi. Mkono ulikuwa bado begani, haukumuumiza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Madam Eva alifika akihema. "Shikamoo mzee. Huyu leo analala kwangu Tunduma. Kesho washindi wanahitajika tena." Ulikuwa uongo.

"Marahaba, mwalimu. Basi kesho nitamfuata mwenyewe."

Asubuhi mlango ulipogongwa, Atuganile alikimbilia uani akajibanza nyuma ya tangi la maji. Aliyegonga alikuwa mama mdogo, peke yake, na mfuko mmoja.

"Hajanigusa," alisema. "Amekaa tu kitini ananiuliza nimemwambia nani. Nikaona nisisubiri ainuke." Alikunywa chai aliyopewa, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona yule mama wa Ivuna hakuondoka?"

"Sikujua aende wapi."

"Ana kwao," alisema mama mdogo, kama anayemsahihisha mtoto daftari. Kabla ya adhuhuri alikuwa ndani ya gari la Isongole, huko Ileje, anarudi kwa ndugu zake.

Gwamaka alikuja kweli. Alisimama nje ya geti la Madam Eva zaidi ya saa nzima, hakupiga kelele, hakutukana, akaondoka. Jumatatu Madam Eva alimpeleka Atuganile polisi, dawati la jinsia, naye Atuganile akaeleza alichokijua huku akiangalia mlango. Wazee wa kanisa walimwita Gwamaka, akakana yote. Wengine walimwamini, na dada mmoja wa kwaya alimwambia Atuganile sokoni kwamba amemchafua mtu aliyemlea. Neno hilo lilimuuma, maana halikuwa lote uongo.

Mitihani aliifanya akiishi kwa mwalimu, akiogopa honi za malori. Mama mdogo hakurudi Mpemba. Analima maharage Ileje, na akipiga simu huongea habari za mvua.

Sasa Atuganile yuko kidato cha tano, bwenini, mkoa mwingine. Akiambiwa ana mgeni getini, huuliza kwanza ni mwanamume au mwanamke. Mwezi uliopita tangazo la shindano jipya lilibandikwa ubaoni. Alilisoma mara tatu, akarudi bwenini, akakaa kitandani na daftari mapajani. Aligeuza hadi ukurasa mweupe. Akaanza kuandika.