Nilimwibia Rafiki Yangu Safari ya Baiskeli ya Ufaransa

Jamani, mwizi ni mimi. Sikuiba simu wala mkoba. Niliiba safari, tena ya rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na kibaya zaidi niliifurahia mpaka machozi yakanitoka!

Jina langu mtanisamehe, silitaji. Nina miaka arobaini na mitatu. Mama ni mtu wa Morogoro, baba alikuwa mkimbizi wa siasa aliyerudi kwao Afrika Kusini na sisi watoto. Nashona sare za walinzi huko Jeppestown na nimepanga chumba Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa kama keki. Chumba cha pili alikaa Furaha, msusi kutoka Bukavu. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Yeye alinisikia nikikohoa, mimi nilimsikia akisali.

Furaha ndiye aliyenifundisha baiskeli! Nilikuwa mtu mzima na sijawahi kukalia hata ya kukodi. Kila Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, tulipanda Munro Drive, ule mlima wenye kona za kukata roho. Tukifika juu tuko nusu maiti, tunacheka kama wendawazimu.

Jumamosi yeye akiwa kazini, mimi niliendesha na klabu ya Bra Vusi, yaani Kaka Vusi, mwalimu mstaafu wa michezo kutoka Soweto. Basi klabu moja ya wazee wa Kifaransa ikatualika kwao, milima ya Morvan. Wiki nzima ya kuendesha baiskeli msituni! Nafasi zilikuwa saba. Sita zikaenda kwa wenye miguu. Mimi simo, maana kwenye mlima hata wauza mahindi wananipita na matoroli yao.

Kisha Bra Vusi akanivuta pembeni. "Dada, yule rafiki yako Mkongo si anaongea Kifaransa? Na milima anapanda? Mwambie nafasi ya saba ni yake. Wenyeji wanalipa kila kitu. Tunataka mtu wa kutusemea."

"Sharp, Bra Vusi. Namwambia leo hii."

Sikumwambia!

Jioni ile Furaha alinigongea na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, akakaa kitandani kwangu, tukala. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikayameza na sombe.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia Bra Vusi kwamba Furaha amekataa, anaogopa ndege. Shetani akaniongezea: "Lakini hata mimi Kifaransa nakijua. Nimeishi na Wakongo miaka tisa."

"Kweli? Sema kidogo tusikie."

Eish! Nikavuta pumzi, nikamwaga yale niliyoyasikia saluni kwa Furaha. "Bonjour maman! Asseyez-vous! Tresses ou perruque? Ça va tirer un peu!" Maana yake: habari mama, kaa, unasuka au unavaa wigi, itavuta kidogo. Klabu nzima ikapiga makofi! Lindiwe, dereva wa basi mwenye mapaja ya chuma, akasema sauti yangu ni ya Paris kabisa.

Furaha nilimwambia naenda Durban, harusi ya binamu. Unajua alifanya nini? Alinisuka bure, saa nne nzima. "Nikutengeneze muzuri," akasema, "usituaibishe kule kwa Wazulu." Na mimi nimekaa pale, nimeinamisha kichwa mapajani mwake.

Lakini, wenzangu, nisiwadanganye tena. Ile nchi! Barabara nyembamba kama utepe, haina shimo hata moja, inapanda na kushuka katikati ya miti mikubwa ya mialoni na misonobari. Ng'ombe weupe kama maziwa wanakuangalia kwa heshima. Unapanda unakufa, unafika juu, halafu unaachia breki na msitu mzima unakupigia upepo masikioni! Nilipiga vigelegele kila mteremko. Wazee wa Kifaransa nao wakajifunza vigelegele! Siku mbili hakuna aliyehitaji tafsiri. Wao wanaonyesha kwa mikono, mimi nasema "oui, oui, maman," yaani ndiyo, ndiyo, mama, hata kwa wanaume, basi watu wanacheka na safari inasonga.

Siku ya tatu wenyeji wakatangulia na gari la chakula kwenda kutungoja kijiji cha mbele. Sisi saba tukaachwa tujiendeshe.

Tukafika njia panda. Pana kibao chekundu: ROUTE BARRÉE 6 KM. Pembeni yake mshale wa njano unaelekeza kushoto. Ramani ya Bra Vusi inasema twende mbele moja kwa moja. Wote wakanigeukia.

"Dada, kinasemaje?"

Nikakunja uso kama profesa. "Barabara ya Barrée. Barrée ni mji. Zimebaki kilomita sita!"

"Barrée!" wakashangilia. "Twende Barrée!"

Jamani, mteremko ule! Kilomita sita hujakanyaga pedali. Lindiwe anaimba, Bra Vusi amenyoosha miguu pembeni kama mtoto, mimi napiga kelele "Barrée! Barrée!" mpaka ndege wanaruka. Sijawahi kuwa na raha kama ile maishani mwangu.

Chini kabisa barabara ikaisha. Daraja hakuna! Kuna uzio, tingatinga limelala, na mto unapita na mambo yake.

Barrée haukuwa mji. Ni neno, na maana yake ni imefungwa.

Hakuna aliyenigombeza. Hicho ndicho kilichoniuma. Wakageuza baiskeli, tukaanza kuupanda ule ule mlima tulioushuka tukiimba. Maji yalikuwa yamekwisha, chakula kiko na wenyeji ng'ambo ya mto. Katikati ya mlima Bra Vusi akashuka, akakaa kwenye magogo kando ya njia. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka la baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka.

"Ana kisukari," Lindiwe akasema. "Sukari imeshuka. Anataka kitu kitamu, sasa hivi!"

Hatukuwa na hata pipi.

Nyuma ya miti kulikuwa na nyumba ya mawe. Nikaitupa baiskeli, nikakimbia. Akatoka bibi mmoja, amevaa mabuti ya mpira na ameshika ndoo. Nikafungua kinywa. Unajua kilitoka nini?

"Bonjour maman! Asseyez-vous! Ça va tirer un peu!"

Bibi wa watu akarudi nyuma hatua mbili. Mgeni kamvamia uani, anamwambia akae, itavuta kidogo!

Nikajaribu simu inayotafsiri. Bibi anaongea haraka kwa lafudhi ya milimani, simu ikaandika habari za kondoo. Nyuma namsikia Lindiwe akiita, "Bra Vusi, usilale! Usilale!" Hapo kidole changu kikaenda chenyewe kwenye jina la Furaha. Simu ya video.

Akapokea yuko saluni, chanuo liko mdomoni. "Dada! Harusi inaendaje?"

"Furaha, nisaidie. Mwambie huyu mama kuna mtu ana kisukari, anataka sukari, anakufa!"

Furaha hakuuliza neno. Alitoa chanuo mdomoni, na Kifaransa kikatoka, laini, cha adabu, kama maji ya bomba. Bibi akaacha ndoo ikaanguka. Akakimbia ndani, akatoka na chupa ya jemu na kijiko, akanipita mbio kwa yale mabuti! Akampakata Bra Vusi na kumlisha jemu ya matunda, huku Furaha kutoka Bellevue anamwelekeza, anauliza, anatutafsiria. Baada ya muda Bra Vusi akafumbua macho vizuri, akalamba midomo. "Hii jemu ni ya nini? Niongezeeni."

Tulicheka, tukalia, tukakumbatiana na bibi. Akampigia mpwa wake aje na gari.

Ndipo Furaha akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Dada. Ile miti nyuma yako ni ya Durban?"

Bra Vusi, jemu kidevuni, akaikodolea macho simu. "Huyu ndiye Furaha? Mama, asante. Tulisikitika ulipokataa kuja nasi."

Furaha Kiingereza anakisikia vizuri sana. Akaniangalia. "Mimi nilikataa nini?"

Akakata simu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja saluni na mabegi yangu, nikamweleza yote mbele ya wateja. Alisuka mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Juu ya nini haukuniomba? Ungeniomba, ningekupa hiyo nafasi. Ningekufundisha na hicho Kifaransa." Hayo tu. Mwezi uliofuata akahamia upande wa pili wa Bellevue. Siku hizi ukuta wangu uko kimya. Bra Vusi akanitoa klabu, na ni haki yake.

Ila sikieni! Wale wazee wa Kifaransa walipata habari, wakamwalika Furaha kwa jina lake. Mwezi huu ameenda! Lindiwe alikuja karakana kunisikilizisha sauti aliyotuma kwa klabu. Anashuka mlima, upepo unavuma, anapiga kelele, "Yesu wangu, iko muzuri! Iko muzuri sana!" Nilirukaruka katikati ya vyerehani, wenzangu wakadhani nimechomwa sindano. Nilifurahi, naapa. Halafu nikakumbuka kwamba sauti ile hakunitumia mimi, nikakaa.

Ndugu zangu, heri ya mwenzako ikipitishwa mikononi mwako, ifikishe siku hiyo hiyo, ingali ya moto. Usilale nayo hata usiku mmoja. Ukilala nayo, asubuhi utaiona kama yako, na utaipanda, na utaimba njia nzima. Mteremko ni mtamu, nawaambia mimi niliyeushuka. Lakini rafiki wa kucheka naye huko juu, simpati tena.