Fundi Koki Alisema Kumeziba

Kwa miaka arobaini na miwili hakuna bomba lililomshinda. Watu walimwita Fundi Koki, na jina likamganda hata majirani wakasahau kwamba alikuwa na jingine. Angeingia nyumbani kwa mteja, asalimie, atege sikio ukutani, kisha aseme, "Linavujia hapa," na wakichimba hapo wanakuta udongo umelowa. Maneno mengi hakuwa nayo. Yale ya mwili wake mwenyewe ndiyo hakuwa nayo kabisa. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba mume wake akiumwa kichwa, utajua kwa namna anavyofunga mlango.

Mkewe alipofariki, mzee akahamia kwa binti yake mkubwa. Mume wa binti huyo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani akionekana kama mgeni. Binti mwenyewe alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya serikali, na mdomo ndio uliokuwa jembe lake. Mtu akifika dirishani akijikuna kichwa, yeye alikuwa ameshajua anataka fomu gani kabla hajamaliza kuieleza. Wakubwa wake walimsifu kwa hilo.

Basi maneno yalipoanza kumtoroka baba yake, binti hakuona taabu. Mzee akisema, "Nipe ile, ile..." anakabidhiwa miwani. Akiita rimoti spana, anapewa rimoti. Binti alimjua nje ndani, akamjazia kila pengo, na alifanya hivyo kwa mapenzi. Ila baada ya mwaka mmoja, mzee akiulizwa chochote, hata jina lake, alimgeukia kwanza binti yake na kungoja.

Daktari wa kliniki alikompeleka kwa ajili ya usahaulifu huo alikuwa mtu mpole mwenye foleni ndefu. Mara ya kwanza alimuuliza mzee mwenyewe. Mara ya pili alimuuliza binti, na ikawa hivyo siku zote.

"Analala?"

"Analala, daktari."

"Anakula?"

"Kidogo kidogo."

"Haja ndogo, haja kubwa?"

"Kawaida."

Hakuwa amemuuliza baba yake. Angeanzia wapi? Mzee alioga mwenyewe, aliingia chooni mwenyewe na kufunga komeo. Kuna mambo mtoto wa kike hasemi na baba yake, na baba hasemi na binti yake, na wote wawili walilelewa hivyo. "Kawaida" lilikuwa neno la heshima la kupitia pale bila kukanyaga kitu.

Jumatatu moja asubuhi alimkuta baba yake amesimama jikoni mbele ya sinki, mkono mmoja ameushika ukingo.

"Kumeziba," mzee alisema.

Binti akafungua koki, maji yakashuka vizuri. "Hakujaziba, baba. Tazama yanavyokwenda."

"Si hapo. Huku chini."

Binti akainama, akafungua kabati la chini ya sinki, akamwonyesha bomba kavu. Mzee akatikisa kichwa. Mchana kutwa alizunguka nyumba, akikaa anasimama, akisimama anakaa. Jioni binti akampeleka uani, akafunua kifuniko cha chemba ili aone kwa macho yake kwamba maji machafu yanapita. Mzee alichungulia mle ndani muda mrefu.

"Hii nzuri," alisema. "Hii aliijenga mtu anayejua. Mimi nasema ile nyingine."

"Ipi, baba?"

Alimtazama binti yake, kisha akatazama pembeni. "Ya mteja," alisema.

Siku ya tatu alimsukuma binti aliyejaribu kumkalisha, naye tangu amzae hakuwahi kumwinulia mkono. Binti alilia bafuni, akanawa uso, akaomba ruhusa kazini na kumpeleka kliniki.

Na kule kliniki mzee alisema. Hilo binti hakulisahau. Safari hii hakumgeukia yeye kwanza. Aliegemea meza ya daktari, akasema kama fundi anayetoa taarifa ya kazi, "Valvu haifunguki. Presha imepanda."

Daktari akatabasamu, akamfunga mkanda mkononi, akapima. "Presha yako ni ya kijana, mzee."

"Si ya juu. Ya chini."

"Na ya chini iko sawa kabisa," daktari alisema, akamwonyesha namba.

Mzee alizitazama zile namba. Akafungua mdomo tena, na hapo binti, aliyeona foleni mlangoni na aibu ya baba yake kuongea mabomba mbele ya msomi, akaingia kati.

"Daktari, alikuwa fundi bomba. Siku hizi amerudi kazini, ndiyo lugha yake."

"Ugonjwa unapanda ngazi," daktari alisema kwa upole. "Hutokea. Nitampa kitu cha kumtuliza."

Dawa ilimtuliza kweli. Alilala, akaamka, akalala. Siku ya pili suruali yake ilikuwa imelowa, na siku iliyofuata tena. Binti akanunua nepi za watu wazima, akapiga moyo konde, akamvalisha huku ameangalia ukuta. Alijua basi kwamba ugonjwa umefika huko. Mzee alimshika kiganja.

"Hiyo ni ya kumwagika tu," alisema, ulimi umekuwa mzito. "Tangi limejaa."

"Usijali, baba. Nitasafisha."

"Limejaa."

"Nimesikia, baba."

Jumamosi akaja Nusu Inchi. Huyu alikuwa fundi mwenzake wa zamani, mfupi, na jina hilo alibandikwa na Fundi Koki mwenyewe siku walipokuwa vijana na mabomba ya nusu inchi yalikuwa yamewaishia. "Tumchomeke huyu," alisema, na mafundi wote wakacheka. Binti alimwita baba mdogo. Alimwamkia, akamweleza mlangoni kwa sauti ya chini.

"Hatambui kitu, baba mdogo. Ni mabomba tu kutwa."

"Mabomba nayajua," Nusu Inchi alisema, akaingia chumbani, akavuta kigoda.

Binti aliyasikia mazungumzo yao akiwa anakunja nguo sebuleni. Baba yake alisema kumeziba. Nusu Inchi hakusema hakujaziba. Aliuliza, "Tangu lini?"

Nusu Inchi hakurudia swali. Binti nusura ajibu kutoka kule alikokuwa.

"Tangu juzi ya juzi," mzee alisema hatimaye.

"Linatoa kidogo au halitoi?"

"Linadondosha."

"Tangi liko wapi?"

Binti akasikia kitanda kikilia, kama mtu anajigeuza. Nusu Inchi alipotoka, alisimama mbele ya binti akiwa ameinamisha macho.

"Mwanangu, unisamehe kwa neno nitakalolisema. Baba yako hakojoi."

"Mbona analowesha nepi tatu kwa siku?"

"Tangi likijaa linamwagikia ukingoni. Huko si kutoka. Amenishika mkono akauweka tumboni. Pagumu kama ubao."

Katika hospitali kubwa, muuguzi wa kiume alimwingiza mpira, na mkojo ukatoka zaidi ya lita mbili, mwishoni ukiwa na damu. Daktari wa wodi alisema tezi dume lilikuwa limefunga njia, na ile dawa ya kutuliza ikakaza palipobaki. Mkojo ulikuwa umerudi hadi kwenye figo, na sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Alikuwa na faili la kliniki mkononi. Alilisoma kwa sauti, bila ubaya, kama mtu anayetafuta tarehe: "Kwa maelezo ya binti, haja ndogo kawaida." Kisha akafunua ukurasa mwingine.

Mzee aliishi siku kumi na tisa. Kila siku baada ya kazi binti aliketi kando ya kitanda na kumuuliza. Unaumwa, baba? Ni wapi? Alijifunza kufunga mdomo na kungoja, akihesabu moyoni hadi mia, wagonjwa wengine wakimtazama. Lakini jibu halikuja. Mara mbili mzee alimgeukia kwa yale macho ya kungoja, ili amsaidie kusema, na binti hakuwa na la kumpa. Siku ya kumi na tisa alifariki saa nne asubuhi, muuguzi akibadilisha shuka za kitanda cha jirani.

Msibani watu walisema yale yanayosemwa. Mmoja alisema mficha maradhi kifo humuumbua, wengine wakaitikia. Binti alikuwa amebeba sinia la vikombe. Alitaka kuwaambia kwamba hakuficha, alisema kila siku, alisema hadi mbele ya daktari. Akapita na vikombe vyake.

Nusu Inchi alikuja mara tatu baada ya maziko, na mara zote tatu binti alimwambia mtoto wa jirani aseme hayupo. Hakuwa amemkosea lolote. Lakini hakuweza kumtazama mtu aliyehitaji dakika kumi tu kumwelewa baba yake.

Miezi miwili ikapita, na siku moja fundi huyo akatokea dirishani pake ofisini, kutafuta kibali cha kuchimba barabara. Hapakuwa na pa kukimbilia. Binti alimwamkia, akampa fomu, akamngoja aijaze. Aliandika polepole, akikosea na kufuta.

"Hukujua, mwanangu," Nusu Inchi alisema, bila kuinua kichwa.

"Sikuuliza, baba mdogo."

Nusu Inchi hakubisha. Alimaliza sahihi yake, binti akagonga muhuri, akamkabidhi nakala. Nyuma yake foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.