Bidoni Zapokonywa Kura Katoyi

Dunia nzima ifahamu, na majirani wa mtaa wa Katoyi wanyamaze kidogo: bidoni, yale madumu ya manjano ya kutekea maji, zilizotuchagulia viongozi miaka sita bila kukosa kura hata moja, zimepokonywa haki ya uraia. Aliyetenda hayo ni Mama Kasoki, mushonaji, mjane, mwenye bidoni moja.

Usicheke. Kwenye bomba letu la maji bidoni ni mutu. Unaiweka kwenye mustari alfajiri, unarudi kupika, na hakuna anayethubutu kuiruka. Basi siku ya kumchagua prezida wa komite ya bomba, bidoni zilipangwa nyuma ya kila kandida, na sekretere, Muzee Buhendwa, akazihesabu. Théogène, anayeuza maji kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, ana bidoni hamsini. Alishinda kila mara. Mwaka mmoja alishinda akiwa mbali, mjini Sake, kwenye harusi.

Na prezida ndiye anayepanga zamu. Bidoni hamsini zilijaa kwanza. Ya Kasoki ilifika bombani maji yamekatika. Watoto wake watatu walinawa uso kwa kikombe kimoja.

Mwezi uliopita Kasoki alisimama mkutanoni.

“Ba papa na ba mama, bidoni iko na mulomo? Iko na mutoto wa kuogesha? Tuhesabu watu!”

“Watu wanadanganya,” Théogène akajibu. “Bidoni haiyadanganya mutu hata siku moja.”

Watu walicheka, kisha wakaanza kufikiri, jambo la hatari kwa prezida yeyote. Muzee Buhendwa alimuunga Kasoki mkono mara moja: mgongo wake umechoka kuinamia bidoni.

Daniella, fundi wa simu, akaleta tableti yenye picha mbili za kandida, Kasoki na Théogène. Jina lako linasomwa, unabonyeza picha mara moja, unatupa kifuniko kimoja cha bidoni ndani ya beseni. Hesabu ya mashini na ya vifuniko zikiachana, kura inarudiwa.

Siku yenyewe Muzee Buhendwa alibonyeza mara saba. Wapi! Mashini haikusikia.

“Nilisema!” Théogène akaruka. “Mashini inaogopa demokrasi!”

“Muzee,” Daniella akacheka, “vidole vyako vinatiririka mayi.”

Kumbe wote walikuwa wamenawa bombani kwa heshima ya uchaguzi. Kasoki akatoa kitenge wajifutie.

“Hapana! Hiyo ni kampenyi!” Théogène akapinga.

Ikakatwa shauri: mkono wa kuume kwenye kitenge cha Kasoki, wa kushoto kwenye koti la Théogène. Koti lililowa hadi kwenye bitana.

Mashini ikasema mia moja kumi na mbili. Vifuniko vikasema mia moja kumi na moja. Kasoki alishika kichwa: wakirudia, nusu ya watu watakuwa wameshaenda kazini. Wakahesabu tena kwa sauti. Kimoja hakipo. Muzee Buhendwa akapapasa mfuko wake, akakohoa, akatoa kifuniko.

“Nilikichunga,” alisema.

Kasoki sabini na moja, Théogène arobaini na moja. Théogène akahesabu vifuniko vyote yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kisha akasimama na koti lake linalodondoka maji, akampongeza Kasoki.

“Bon. Ni watu kweli. Félicitations, Mama Prezida.”

Vigelegele! Watu wakamzunguka, wengine wakalia. Muzee Buhendwa akanyoosha mikono juu.

“Mama Prezida! Neno moja kwa historia!”

“Mayi inakatika saa sita,” Kasoki akasema. “Sogea, muzee, niteke.”