Nusu Kifuniko cha Dawa

Mama yangu kule Kitui alikuwa na leso moja ya kuchujia maji tu, hakuna ruhusa kujifunga wala kufutia mikono, na tukitoka kuchota kwenye mchanga wa mto aliyachuja mara mbili akisema, "Mgeni hapewi maji yenye kitu kinatembea." Leso hiyo ilinipatia kichapo siku moja (nilikuwa nimefungia panzi). Ni mambo ya zamani hayo, lakini ndiyo yaliyonivua nguo mbele ya watu hapa Kibera juzijuzi, na aibu yake sijaimaliza.

Mwende, binti ya marehemu ndugu yangu mdogo, anasomea vidudu vya baharini, vile vinavyoliwa na visamaki, visamaki vikaliwa na samaki, mpaka inafika kwa sahani yako. Alikuja na chupa ya maji ya bahari kutoka Mombasa, vidudu vikiwa hai, kwa sababu kesho yake tulikuwa na mkutano hapa Laini Saba, kuwaomba malandilodi, wenye nyumba zetu, watoe mabomba ya vyoo mtoni (mvua ikinyesha uchafu ule unatuingilia hadi mlangoni). Angewaonyesha vidudu vikicheza, halafu atie matone ya mto wetu, maana mto huu usidhani unaishia hapo chini, unateremka hadi baharini, na waone vikifa.

"Baba mkubwa, nitunzie. Usikaze kifuniko, vinapumua. Ni vidogo sana, jicho halivioni vizuri."

Asubuhi jua likapiga ile chupa, nikaona vitu vinarukaruka ndani. Nikawaza, vya Mwende si havionekani? Basi hivi ni viluwiluwi vya mbu, vimeingia kwa huo mdomo ulio wazi, vitamlia vyake. Nikatia nusu kifuniko cha dawa ya maji, ile ya kutia kwa mtungi. Vikatulia. Nikafurahi, mjinga mimi.

Mkutanoni landilodi wetu ndiye aliyeinama wa kwanza kwenye mashine ya kukuzia vidudu vionekane. "Mbona hakuna kitu inacheza?"

Mwende akainama akatazama. "Labda ni joto la safari. Kosa ni langu."

"Msomi, bahari yako imekufa hata mto wetu haujafika!" landilodi akapaza sauti.

Watu wakacheka. Kumwacha abebe mzigo wangu nilishindwa, nikasimama nikasema ni mimi, nikaeleza yote, dawa, viluwiluwi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ukumbi ulivyopasuka kwa kicheko, hadi wenzangu wa ploti, wenye kukanyaga uchafu ule ule.

Landilodi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Huyu buda, mzee mzima, ameua bahari na kifuniko, halafu mnasumbua mabomba yangu! Twendeni nyumbani."

Wakatoka, wengine wakabaki mlangoni wakicheka. Hakuna bomba lililotolewa.

Mwende alikuwa anafunga mashine. "Nusu kifuniko tu, baba mkubwa," akasema polepole. "Na mabomba ni mangapi?"

Nilimsikia mimi peke yangu. Siku hizi nikiachiwa kitu nisichokijua sikigusi, nauliza kwanza. Siku ile nilichukua kofia yangu, nikapita katikati ya kile kicheko, nikashika njia ya reli, na ukumbi ule sijaukanyaga tena.