Siku ya Kivuli Kuisha

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Remera, na futi niliyopimia kivuli cha jua ilikuwa yake. Ilikuwa futi ya kitambaa, iliyochakaa mwanzoni hata sentimita za kwanza zikawa hazisomeki. "Anzia kumi, halafu toa kumi," alinielekeza siku aliponipa. "Miaka yote napima watu hivyo na hakuna suruali ilinirudia." Kisha akacheka. "Lakini kivuli, nani atakivaa?"

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa fizikia na elimu ya nyota. Ukiwaambia watu hivyo wanadhani unakesha kwenye darubini. Darubini tulikuwa nayo moja, na lenzi yake ilikuwa imeota ukungu. Mradi wangu ulihitaji fimbo ya chuma ya mita moja, timazi na hiyo futi. Nilisimamisha fimbo uani kwetu Masaka, pembezoni mwa mji, kando ya maharage, na kila adhuhuri nikapima kivuli chake. Mwezi wa pili kilielekea kaskazini, kikipungua kidogo kila siku. Katikati ya mwezi wa tatu jua lingepita utosini, kivuli kingeisha, kisha kingeanza kuchomoza upande wa kusini. Siku ya kuisha ndiyo niliyoitafuta, kwa sababu kutokana nayo ningekokotoa mji wetu uko umbali gani kusini mwa ikweta. Jibu liko kwenye ramani yoyote, lakini nilitakiwa kulipata mwenyewe.

Hapo lazima nieleze ugonjwa wangu. Mwaka wa kwanza tulikuwa wanafunzi wanane kwa kifaa kimoja cha kupimia, na msimamizi wa maabara alikuwa na sheria yake: jedwali lenye kisanduku kitupu halisahihishwi. Alilichana mbele yako. Wenzangu walijifunza kubuni namba. Mimi nilijifunza kutokosa hata kipimo kimoja, na nikajiona bora kuliko wao.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu figo za baba zilikataa kazi, akalazwa hospitali. Dada yangu mkubwa ndiye aliyemuuguza na kulala naye huko. Sisi wengine tuliruhusiwa kuingia saa sita mpaka saa saba mchana tu. Kivuli nacho hufika ufupi wake wote saa sita na dakika kama tisa, na ilinibidi nikipime mara kwa mara kuanzia saa sita kasorobo hadi saa sita na nusu. Kutoka Masaka, hata kwa moto, hizi pikipiki za abiria, ningefika geti linafungwa.

Siku tisa sikwenda. Ndiyo, tisa. Masika yalikuwa yameanza, lakini kila adhuhuri jua lilichungulia walau dakika chache, nami nikaliona jambo hilo kama baraka. Mchana, nikishamaliza, dada alinipigia.

"Mzee iko anauliza kivuli kimebaki ngapi."

"Mwambie sentimita mbili."

Kesho yake ilikuwa moja na kidogo. Nilimsikia baba nyuma ya dada, sauti imekuwa nyembamba: "Mwambie asivute futi. Inalegea."

Siku ya nane dada hakuuliza kivuli. "Njoo kesho," alisema. "Njoo tu, mdogo wangu. Iko anakutafuta kwa macho."

"Kesho ndiyo siku yenyewe," nikamwambia. "Keshokutwa nitakuja, nitakaa saa nzima."

Akasema sawa.

Siku ya tisa niliweka simu katika hali ya ndege, maana ndiyo iliyokuwa saa yangu na kamera yangu, na sikutaka mtu anikatize. Nikapiga goti kando ya fimbo. Wingu lilifika saa sita kasoro dakika kumi, likakaa. Sikuona kivuli cha fimbo wala changu mwenyewe. Nilisubiri mpaka saa saba na robo, magoti yamelowa, nikimlaani Mungu kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilipofungua simu nilikuta dada amepiga mara kumi na moja.

Tulimzika alasiri ile ile, kama dini yetu inavyotaka. Baada ya udongo dada aliniambia. Saa sita baba alikuwa ameuliza, "Kimeisha?" Yeye, akiona simu yangu haipatikani, akamjibu, "Kimeisha, Baba. Iko njiani anakuja." Baba akautazama mlango. Aliutazama mpaka mwisho.

Siku tano sikupima. Nilipoirudia fimbo, kivuli kilikuwa tayari upande wa kusini. Niliendelea mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu sikujua jingine la kufanya, kisha nikampelekea msimamizi wa mradi jedwali lenye visanduku sita vitupu. Huyu alikuwa mhadhiri mpole aliyekulia Uganda. Nilianza kujitetea kabla hajaketi.

"Nani alikuambia hiyo?" aliniuliza, nilipofika kwenye habari ya kuchana. Akachukua karatasi ya grafu, rula na penseli. Akaweka alama za kaskazini kabla ya pengo, alama za kusini baada yake, kisha akavuta mstari mmoja juu ya siku zote ambazo sikuwepo. Ulikata sifuri pale pale, siku ile ile ya wingu.

"Umeona?" alisema kwa upole. "Hiyo siku hata hukuihitaji. Hata hizo za mwisho kabla ya pengo, zote ungeacha."

Alinipa alama nzuri. Nilirudi nyumbani nikamkuta dada akichambua maharage. Aliniuliza kama ni kweli, yale aliyomwambia Baba, kwamba kivuli kiliisha siku ile.

"Kweli," nikamwambia. "Kiliisha."

Akamshukuru Mungu kwamba hakumdanganya. Habari ya rula sijamwambia mpaka leo.